Nusu Gramu na Kilo za Mama

Hakuzaliwa na jina la Nusu Gramu, na mama yake mpaka leo hataki kulisikia. Alipewa na wenzake wa mtaa wa masonara, kwa sababu mbili ambazo ukimwona tu huna haja ya kuuliza. Ya kwanza ni mwili wenyewe: mrefu, mwembamba, shati limemning'inia kana kwamba bado liko kwenye kamba. Ya pili ni kazi. Huyu bwana ana miaka kumi na tisa nyuma ya meza ile ile ya usonara, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumwambia mteja "kama gramu tatu hivi." Kwake hakuna hivi. Unampa pete, anaiweka kiganjani, anafumba jicho moja, anasema, "Nne na nusu." Kisha anaiweka kwenye mizani, na mizani inakubaliana naye. Wenzake huwawekea wageni dau la chai juu ya kiganja hicho, na wageni wamewanywesha chai nyingi sana.

Ana tabia moja ya kuudhi: hakubali jambo mpaka alipime. Ukimwambia jana mvua ilinyesha sana, atakuuliza sana kiasi gani. Ukimwambia fulani amenenepa, anataka kujua kutoka ngapi mpaka ngapi. Ndiyo maana hajaoa, wanasema wambeya, lakini hayo tuwaachie wenyewe.

Basi mtu huyu wa kupima pete ndiye aliyeangukiwa na kazi ya kumwinua mama yake mzazi.

Mama ana miaka sitini na minane. Zamani alikuwa karani wa vifurushi posta, naye amepima mizigo ya watu miaka ishirini na saba, kwa hiyo hiyo tabia ya mwanawe haikutoka hewani. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono ukalegea, mguu ukalegea, lakini akili ilibaki, na ulimi, ukiwauliza majirani, ndio kwanza ulinolewa. Kila asubuhi alihitaji kutolewa kitandani na kuwekwa kwenye kiti cha magurudumu, na kila jioni kurudishwa. Kazi hiyo aliifanya mwanawe mdogo, dereva wa lori, kijana mwenye mikono minene kama miguu ya meza. Alikuwa anambeba mama huku anapiga mluzi.

Halafu kijana yule akapata kazi mji wa mbali. Aliondoka Jumatatu. Jumanne asubuhi Nusu Gramu akajaribu peke yake. Alimshika mama kwapani, akainamisha mgongo, akasema, "Haya, twende." Wakaenda kweli, ila chini. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, kwa sababu waliteleza polepole wakishikana, lakini walikaa pale sakafuni robo saa nzima bila namna ya kuinuka. Mama alicheka kwanza. Baadaye akaacha kucheka, akageuza uso ukutani, na Nusu Gramu akajisikia vibaya kuliko siku aliyoyeyusha pete ya ndoa ya mtu kwa bahati mbaya. Jirani yao, mwanamke mshona mapazia, alipopita kuomba sindano ndiye aliyewainua.

"Kilo sabini na moja," mama alisema akishaketi kitini, akijifuta macho. "Nilipimwa kliniki wiki iliyopita. Kifurushi cha namna hii, posta tungekikataa dirishani."

Habari ikafika kwa dada yao kabla ya chakula cha mchana. Dada ndiye mkubwa wao, msimamizi wa bweni la wasichana, safari ya nusu siku kwa basi. Mwanamke mwema, lakini amezoea kuamka kwa kengele na kukagua makabati ya watu. Akapiga simu.

"Mdogo wangu, nakupenda, lakini mama si pete," alisema. "Nakupa wiki nane. Nitakuja Jumamosi ya wiki ya nane, umwinue mbele ya macho yangu, peke yako, salama. Ukishindwa, naondoka naye."

"Dada, mama hataki kuondoka."

"Na kuanguka je, anataka?"

Simu ilipokatika, mama, aliyekuwa akisikiliza kila neno, alisema, "Kwa dada yako nitalala vizuri, nitakula vizuri, na nitakufa kwa ukimya. Mchana kutwa yuko kazini. Nitaongea na nani, na ukuta?" Hapa alikuwa na dirisha lake linalotazama uchochoro, na jirani wa mapazia, na kila jioni mwanawe alikuja na habari za mtaa wa masonara, nani kaposa na nani kairudisha pete. Nusu Gramu naye aliyapenda mazungumzo yale kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Nyumba bila sauti ya mama aliiogopa, na hakuona aibu kuiogopa.

Jirani wa mapazia akakubali kumwinua mama asubuhi na jioni kwa wiki hizo nane, na kesho yake Nusu Gramu akaenda jimu.

Jimu yenyewe ilikuwa chumba kirefu nyuma ya karakana ya matairi, vyuma vyenye kutu, kioo kimoja kilichopasuka, na kocha. Kocha alikuwa mwanamke mfupi, mpana, zamani mrusha tufe, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya uwanja. Alimtazama mgeni wake juu mpaka chini, na safari ile ya macho ilikuwa ndefu bila cha kutazama.

"Unataka nini? Kifua? Mikono?"

"Nataka kilo sabini na moja," alisema Nusu Gramu. "Kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, asubuhi, Jumamosi ya wiki ya nane."

Kocha alicheka. Kisha akaeleweshwa, akaacha kucheka, akaenda nje akajaza mchanga kwenye mfuko wa turubai. Kilo thelathini. Akauweka juu ya benchi lililo sawa na kitanda kwa kimo.

"Inua."

Akainamisha mgongo.

"Ala! Huo mgongo umeukodi? Mtaka cha mvunguni huinama, lakini anainama kwa magoti! Sogea karibu. Miguu itanue. Ukumbatie kama unaupenda. Sasa yumba, mbele, nyuma, moja, mbili, tatu, halafu miguu ndiyo isukume ardhi."

Mfuko ukanyanyuka kidogo ukarudi. Siku ya kwanza ilikuwa hivyo. Kushuka ngazi mbili za karakana alishika ukuta, na kesho yake dukani alikaa kwa awamu.

Baada ya wiki mbili akawa kwenye thelathini na sita. Kama mjuavyo, mtu huyu hawezi kufanya kitu bila kukiandika, na daftari lake lilimwonyesha hesabu mbaya: kwa mwendo ule, wiki ya nane ingemkuta kwenye hamsini na kitu. Sabini na moja ilikuwa mbali. Akiwa amekaa anaitazama hesabu hiyo, akaja kukaa karibu naye jamaa wa jimu waliyemwita Mabega, ambaye hajawahi kuonekana na shati lenye mikono.

"Bro, wewe unatumia kreatini?"

"Ni nini?"

"Unga. Bila huo unapoteza muda."

"Unafanya nini mwilini?"

"Unakupa nguvu."

"Kiasi gani?"

Mabega akakuna kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kiasi gani. Nusu Gramu akamfuata Kocha, aliyekuwa anapiga deki.

"Kocha, kreatini ni kitu cha kweli?"

"Ni cha kweli. Hata mwili wenyewe huitengeneza, na ipo kwenye nyama na samaki. Misuli huitumia kwenye kazi ya ghafla, kama kunyanyua."

"Kwa hiyo ninaihitaji."

"Sijasema hivyo. Wewe ni mgeni. Mgeni wa vyuma, miezi ya kwanza, mwili wake unajifunza tu, unaongezeka hata kwa maharage. Kula, lala, njoo usikose. Ukishazoea, ukitaka kuongeza kidogo, utaongeza. Sogeza mguu nipige deki."

Jibu zuri kabisa, na mtu mwenye wakati angelifuata. Lakini huyu alikuwa na wiki sita. Akaenda dukani.

Duka la virutubisho lilikuwa na taa nyingi kuliko duka lake yeye mwenyewe, na hilo lilimvutia. Makopo yalipangwa kwa kimo. Usawa wa macho kulikuwa na kopo jeusi lenye maandishi ya rangi ya dhahabu na picha ya mtu mwenye mishipa shingoni. Chini kabisa, karibu na ufagio, kulikuwa na mfuko mweupe wenye vumbi, umeandikwa neno moja tu.

"Ipi iliyo safi zaidi?" aliuliza.

Muuzaji alimwona mtu wake. "Mzee, rahisi ghali. Hii ya dhahabu ina vitu kumi na vinne ndani."

Sasa msimcheke. Sonara amekulia katika sheria moja: kilicho safi zaidi ndicho cha bei kubwa zaidi. Dhahabu ya karati ishirini na nne haijawahi kuuzwa chini ya ile ya kumi na nne tangu dunia iumbwe. Hakuwaza hata mara moja kwamba pengine duniani kuna kitu ambacho sheria hiyo haikifiki. Akalipa fedha ambazo zingenunua mayai ya miezi mitatu, akaondoka na kopo lake amelikumbatia kwa magoti yaliyonyooka, ambayo Kocha angemtukania.

Dukani kwake alifanya anachokifanya kwa kila kitu kinachoingia mle. Akachota kijiko cha plastiki kilichokuja na kopo, akakipima: gramu kumi na tano. Akachomeka lenzi jichoni, akasoma maandishi madogo nyuma, yale ambayo yaliandikwa yasisomwe. Kreatini, gramu tatu. Zilizobaki: sukari, rangi, ladha ya tikiti maji, na majina mengine marefu.

"Tatu kwa kumi na tano!" alipiga kelele mpaka sonara wa jirani akachungulia. "Hii karati tano haifiki! Shaba tupu! Mtu akiniletea hii naita polisi!"

Alirudi kwa muuzaji mbio. Muuzaji akasema kopo lililofunguliwa halirudishwi, na akalisema kwa upole wa mtu aliyeshalisema mara nyingi. Nusu Gramu akaonyesha kwa kidole kule chini, karibu na ufagio.

"Na ule mfuko?"

"Ule ni kreatini tupu. Haina ladha."

"Mbona ni rahisi?"

"Kwa sababu haina kitu kingine ndani yake."

Miaka kumi na tisa hajawahi kusikia neno kama lile kwa muuza kitu chochote. Kitu safi, na kwa usafi wake ndiyo maana ni rahisi! Hasira zilimtoka zote, akabaki na udadisi mtupu, akauliza maswali mpaka muuzaji akaanza kujibu ukweli: kwamba ni ile ile iliyomo kwenye makopo makubwa, kwamba la kuangalia ni jina lake kamili, tarehe ya mwisho na muhuri wa kiwanda, kwamba gramu tatu mpaka tano kwa siku zinatosha na hakuna haja ya kujilisha nyingi mwanzoni. Mfuko ulikuwa wa nusu kilo. Akaenda akaongea na wageni wenzake wawili wa jimu, mshona viatu na mwalimu wa hesabu, wakachanga, wakaununua watu watatu, ikawa kwa kila mmoja bei ya vitafunwa vya wiki.

Kabla hajaonja hata chembe, alipita kliniki na mkojo kwenye kichupa. Daktari akampima figo, akasema ziko sawa, anywe maji ya kutosha. "Na mama yangu?" aliuliza, maana mama alikuwa amemtuma kuuliza. Daktari akatikisa kichwa: mama ana dawa za shinikizo la damu na figo zake zinaangaliwa, asiguse. Nusu Gramu alipopeleka jibu, mama alisema tu, "Haya. Na kufanya mazoezi amekataza?"

"Kufanya mazoezi hakukataza. Alisema ungeweza hata kujaribu kusimama, mtu akiwa karibu."

"Haya," alisema mama tena, akageukia dirisha.

Kazi ya kugawa unga ule ilimwangukia mwenye mizani, na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Masonara, vumbi la dhahabu hulifunga kwenye karatasi ndogo iliyokunjwa mara tano, pembe ikaingia ndani ya pembe, isivuje hata chembe. Vidole vyake havijui namna nyingine ya kufunga kitu cha unga. Akapima gramu tatu, tatu, tatu, akakunja, akakunja, akatoa vipaketi vingi sana, mraba mraba, kila kimoja kama jino. Vya mshona viatu akampa, vya mwalimu akampa, vyake akavitia kwenye droo ya jikoni, kando ya vijiko. Hakuona ubaya wowote.

Baada ya wiki moja alijipima, akakuta ameongezeka kilo moja na nusu. Alishuka kwenye mizani akapanda tena. Alikimbia jimu.

"Kocha! Kilo moja na nusu zimetoka wapi?"

"Maji. Kreatini huvuta maji kwenye misuli. Si nyama hiyo, usijisifu."

"Kwa hiyo nguvu hizi ninazoziona, ni za unga au za mazoezi?"

"Wewe unaonaje?"

Alisubiri wiki mbili zaidi, ndipo akafungua daftari. Kabla ya unga alikuwa anapanda karibu kilo tatu kwa wiki. Baada ya unga, karibu kilo tatu, mara nyingine tatu na nusu. Mwalimu wa hesabu, anayekunywa kila siku, vivyo hivyo. Mshona viatu alikuwa ameshavisahau vipaketi vyake mfukoni mwa suruali, mkewe akavifua, na yeye anapanda kuliko wote, kwa sababu hajakosa siku hata moja. Nusu Gramu aliilinganisha mistari ile mitatu mpaka macho yakamuuma. Hakuweza kusema unga haufanyi kitu, na hakuweza kusema bila unga angekuwa pungufu. Kwa mtu wa nusu gramu, hiyo ni adhabu.

Tangu siku ile ya kliniki, kila jioni alimsimulia mama habari za jimu, na mama aliuliza maswali kuliko yeye. Kwanza alidhani ni upweke tu unamfanya aulize.

"Huyo asiye na nguvu kabisa, anayeanza kabisa, Kocha humwanzishaje?"

Hakujua. Kesho akauliza, jioni akaleta jibu. "Kwa kiti, mama. Kiti kinaegemezwa ukutani. Anakaa, anainuka, anakaa, anainuka. Mara nane, anapumzika, mara nane tena."

"Na kama hawezi kuinuka?"

Kesho akauliza tena. "Anajaribu kuinuka, mama. Kocha anasema kule kujaribu ndiko kunakohesabiwa. Anasukuma kwa mguu ulio mzima, ule mwingine unafuata."

"Na anakula nini?"

"Mayai, maharage, maziwa. Anayeanza, Kocha anasema, jikoni ndiko dukani kwake."

"Hm," alisema mama. Siku ile aliomba kile kiti kizito cha mbao kiletwe chumbani kwake, kiegemezwe ukutani kando ya kitanda, apate pa kutundika taulo. Nusu Gramu akakileta. Na tangu siku zile mayai ya nyumba yakawa yanaisha haraka, akamshuku jirani wa mapazia, anayekaa na mama asubuhi yeye akiwa jimu. Hakusema kitu. Jirani anayekusaidia humhesabii mayai.

Wiki ya nane ikafika, na mfuko wa mchanga ukagoma kwenye hamsini na tano. Ijumaa aliuongeza ukawa hamsini na nane, akayumba, moja, mbili, tatu, mfuko ukamtazama. Kocha alimpiga bega.

"Umetoka thelathini kwa wiki nane. Ni kazi kubwa hiyo."

"Zimebaki kilo kumi na sita, Kocha."

"Mama yako si mchanga," alisema Kocha, lakini Nusu Gramu alikuwa ameshafunga daftari.

Jumamosi asubuhi alikwenda kuchangamsha miguu kidogo tu, akijua basi la Dada hufika mchana. Kumbe Dada alikuja na basi la alfajiri, kama anavyowafumania wasichana wake wa bweni. Nusu Gramu aliporudi alimkuta amesimama jikoni, mkoba bado begani. Alikuwa ametafuta kijiko cha chai. Juu ya meza, vimepangwa kwa mistari mitatu kama vitu vilivyokamatwa, vilikuwa vipaketi ishirini na moja vya unga mweupe.

"Shikamoo, Dada," alisema kwa mazoea.

"Usiniamkie! Hiki ni nini?"

"Kreatini."

"Mimi nimekaa na wasichana mia mbili, unadhani sijui unga uliofungwa hivi ni unga gani? Kwenye nyumba anayolala mama! Na mizani ndogo ile ya dukani kwako! Ndiyo maana umebadilika mwili! Unauza au unavuta?"

"Dada, ni ya mazoezi, inauzwa dukani, nilipima tu..."

"Ulipima! Umepima na ukafunga! Nani anafunga dawa ya duka hivi?"

Kwa mara ya kwanza akaviangalia vile vipaketi kwa macho ya mtu mwingine. Lo! Alifungua kabati, akatoa ule mfuko mweupe uliobaki, akampa asome jina na muhuri. Dada alisoma mara mbili, uso umekunjamana. Nusu Gramu akafungua kipaketi kimoja, akakimimina kwenye glasi ya maji, akanywa chote mbele yake.

"Kina ladha gani?" Dada aliuliza, na hasira ilikuwa imeshaanza kuteleza kwenye udadisi.

"Hakina. Ndiyo sababu ni rahisi."

"Na kinasaidia?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini si kawaida yake. "Sijui, Dada. Nimepima wiki tano na sijui. Kwa anayeanza kama mimi, nadhani ningefika hapa hata bila hicho. Na hapa nilipofika hapatoshi. Naweza hamsini na tano. Mama ni sabini na moja. Nilitaka nikwambie mwenyewe kabla hujaona."

Dada aliweka mkoba mezani. Hakuwa tena msimamizi wa bweni, alikuwa dada mtu tu, na alikuwa amechoka na safari. "Basi tusimtese kwa majaribio," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamfungia nguo zake."

"Nani anafungiwa nguo?" sauti ilitoka chumbani. "Nimesikia yote. Kuna mtu aliahidi kuniinua leo. Njooni hapa."

Waliingia. Jirani wa mapazia alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha mbao, akaondoka haraka akasimama mlangoni, anauma mdomo. Mama alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili sakafuni, viatu vimefungwa. Nusu Gramu hakulitia maanani hilo, alikuwa anaogopa mno. Alisogeza kiti cha magurudumu, akakaza breki. Alitanua miguu, akakunja magoti, akamfunga mama mkanda wa kiunoni kama alivyofundishwa, akamkumbatia. Alisikia Dada nyuma yake anashika pumzi.

"Mama, nisamehe nikishindwa."

"Hesabu," alisema mama.

"Moja. Mbili. Tatu."

Akasukuma ardhi kwa miguu. Na mama akapanda. Akapanda bila kugoma, akapanda mpaka wakawa wamesimama wote wawili kifua kwa kifua, na mikono ya Nusu Gramu, ambayo haijawahi kukosea pete, ikamwambia hamsini. Pengine hata hamsini haifiki. Badala ya furaha, hofu ikamshika. Mama amekonda! Wiki nane amekaa naye, anamweleza habari za vyuma, na mama anakwisha mikononi mwake bila yeye kuona.

"Mama," alisema, "wewe ni sabini na moja. Kilo ishirini na moja zimekwenda wapi?"

Mama alikuwa anahema. Shavu lake lilikuwa kwenye bega la mwanawe, mguu wake wa kushoto umesimama kama nguzo, wa kulia unatetemeka lakini uko pale, umekanyaga.

"Nimezibeba mwenyewe," alisema.

Mlangoni jirani wa mapazia alishindwa kujizuia, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Kila asubuhi, ukishatoka tu!" alisema. "Pale kwenye kiti! Wiki tatu za mwanzo hakuinuka hata kidole kimoja, ananiambia hesabu, kule kujaribu ndiko kunakohesabiwa. Na mayai, mwanangu, najua umenishuku mimi!"

"Na bila unga," alisema mama. "Nilikatazwa."

Nusu Gramu alimzungusha polepole, akamkalisha kitini, akabaki amepiga magoti mbele yake. Dada alikuwa amekaa kitandani, mahali mama alipotoka, machozi yanamtiririka usoni wala hayafuti. Alinyoosha mkono akagusa goti la mama, akalibonyeza kama mtu anayekagua.

"Mama, ungeniambia."

"Ningekwambia nini, najaribu? Wewe hupokei ripoti ya kujaribu." Mama akashusha pumzi, akajiweka sawa kitini. Kisha akamgeukia mwanawe. "Haya, nirudishe kitandani."

"Umechoka, mama?"

"Nani kasema nimechoka? Nirudishe, halafu uniinue tena. Kocha wako alisema mara nane. Hii ilikuwa moja."